Kutoa kucha ya kidole kikubwa cha mguu hapa Bukavu: pesa inaendea wapi, na namna ya kupona bila kurudia

Watu wengi wakiambiwa "hii kucha tutaitoa" wanauliza swali moja tu, ni bei gani, na yule anayewajibu anataja bei ya ile nusu saa ya kukata basi, alafu wiki mbili nyuma yake wanashangaa pesa imetoka karibu mara mbili na kidole bado kinatoa maji. Operasio yenyewe ni kitu kidogo. Pesa mingi inaendea kwenye pansema (kusafisha na kufunga kidonda upya) za nyuma, na nyingine inaendea kwenye kurudia operasio mwaka unaofuata juu kucha imeota na imeingia tena kwenye nyama. Kwa hiyo kabla hujakubali, uliza mambo mawili: bei yote pamoja na pansema ni ngapi, na mzizi wa kucha mtaufanya nini. Mengine yote hapa chini yanatoka kwenye hayo mawili.

Na sisi wa Bukavu milima inatuongezea shida. Ukishuka kutoka Kadutu kwenda mjini na kiatu cha kufinya, kila hatua kidole kikubwa kinagonga mbele ya kiatu, kila siku, asubuhi na ile haraka ya kazi, njo maana wanafunzi wenye viatu vya mwaka jana na vijana wa mpira ndio wanakuja na vidole vimevimba pembeni. Ongeza na ile tabia ya kukata kucha kwa duara mpaka ndani kabisa kwenye kona, au kumwachia kijana wa verni (rangi ya kucha) achokoe kona na wembe ule ule aliotumia kwa wateja wengine (hapo hatuongelei kucha tena, ni hepatiti B na sida), kucha inaota ikitafuta njia na njia inayopata ni nyama.

Kwanza hakikisha kucha inapaswa kutoka kweli

Si kila kidole kinachouma kinataka kisu. Kama pembeni pamekuwa pekundu na panauma ukigusa lakini hakuna usaha wala kinyama kimeota juu ya kucha, jaribu nyumbani kwanza: maji ya vuguvugu yenye chumvi dakika 15 mara mbili tatu kwa siku, ukaushe vizuri, alafu uzi wa pamba safi uusogeze taratibu chini ya ile kona ya kucha ili ipande juu ya nyama, unabadilisha kila siku. Vaa kambambili au kiatu wazi. Wiki mbili tatu hivi zinatosha kujua kama inakubali. Kuna kitu kingine waganga wa hopitali wanaweza kufanya bila kutoa kitu, wanachukua kipande cha ile tiyo ya serum, wanakipasua kwa urefu, wanakivalisha kwenye ukingo wa kucha chini ya ganzi kama mfereji, kinakaa pale mpaka kucha ivuke nyama. Ni rahisi, vifaa viko, lakini usipouliza mara nyingi hawakutajii.

Kama ni kuvu, kucha imekuwa nene, njano, inavunjika vunjika kama chaki, kuitoa peke yake haiponyeshi. Kuvu inabaki na kucha mpya inaota nayo. Dawa ya kumeza, terbinafini 250 mg moja kwa siku, kwa kucha za miguu inachukua kama wiki 12, na ni dokta anaiandika juu ini lazima liangaliwe. Kama ni funza, toa funza, kucha iache. Kama jiwe limekuangukia na damu imeganda chini ya kucha na inadunda, mara nyingi wanatoboa katundu kadogo damu inatoka na maumivu yanashuka palepale.

Lakini kama kuna mstari mweusi au doa jeusi chini ya kucha ambalo halisogei mbele pamoja na kucha, linapanuka, na hukumbuki kupigwa na kitu, hapo usikubali mtu atoe kucha na kuitupa kwenye ndoo. Kansa iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36, ilianzia chini ya kucha ya kidole kikubwa cha mguu, ilijulikana 1977 na mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Kansa ya namna hiyo ni nadra sana, ila inapata pia watu weusi na inajificha hapo hapo kwenye kucha na nyayo. Sema wazi: dokta, naomba mukate kipande kiende labo.

Operasio inastahili pale ambapo usaha unarudi rudi, kinyama chekundu kimeota na kinatoa damu ukigusa kidogo, au umeshajaribu ya nyumbani na huwezi kutembea.

Nusu au yote? Na mzizi je?

Hapa njo kwenye kiini. Kucha inaota kutoka mzizi ulio chini ya ngozi, nyuma ya ile sehemu nyeupe. Ukitoa kucha yote na mzizi ukabaki, kucha itaota tena, na kidole kikishakaa miezi bila kucha nyama ya mbele inapanda, kucha mpya ikifika inagonga ukuta. Kwa hiyo kwa kucha iliyoingia nyamani, mara nyingi inatosha kutoa ule upande mmoja unaochoma, kipande chembamba kwa urefu mpaka chini, alafu mzizi wa upande ule unachomwa na dawa inayoitwa fenoli ili upande ule usiote tena. Kucha inabaki nyembamba kidogo, ukipaka verni hakuna anayeona.

Kikundi cha Cochrane kilipanga pamoja tafiti 24 mwaka 2012, wakaona kwamba kutoa kucha pamoja na fenoli kunazuia kurudia kuliko kutoa bila fenoli. Ubaya wa fenoli ni kwamba kidonda kinatoa maji muda mrefu kidogo. Kama mahali pako hawana fenoli, wanaweza kukwangua mzizi na kifaa, au kuuchoma na umeme, muhimu ni wafanye kitu. Mtu akikwambia "tunang'oa yote, itaota mpya nzuri", muulize kwa heshima: "Sasa dokta, mzizi itakuwa aje?" Jibu lake litakwambia kama uendelee au uage.

Mjamzito fenoli haimfai, aseme mapema. Vilevile sema kama uko na sukari, uko SS (selimundu), damu haishuki vizuri miguuni, unakunywa dawa za kupunguza damu kuganda, au sindano ya ganzi ya kwa dantisti iliwahi kukufanya vibaya. Mwenye sukari asikatwe kabla glisemi (sukari ya damu) haijapimwa, na asifanyiwe na mtu wa mtaani hata kama ni jirani wa miaka mingi.

Faktire inajengwa namna gani

Ukitafuta kwenye intaneti utaona bei za Marekani na Uingereza, mamia ya dola, mamia ya pauni, zisikutishe, zile zinabeba kodi ya kliniki yao, bima yao, mtaalamu wa miguu peke yake. Hapa bei inategemea mlango unaoingilia, na unaweza kuijenga mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani.

Kuna fishi (karatasi ya mgonjwa) na konsiltasio. Kuna operasio yenyewe. Kuna vifaa: ganzi, glavu, kompresi, wembe wa upasuaji, Betadine, na hapa uliza vizuri, juu mahali pengine vimo ndani ya bei na mahali pengine wanakupa karatasi ukanunue farmasi ya ng'ambo ya barabara, ukirudi wanakuambia ulisahau glavu. Kuna chanjo ya tetanosi kama ya mwisho ni ya zamani. Kuna dawa za nyumbani. Na kuna pansema, moja moja, na moto (pikipiki) ya kwenda na kurudi.

Fanya hesabu ya pansema hivi. Ya kwanza inafunguliwa baada ya siku 1 au 2, alafu kila siku au siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa wiki mbili mpaka nne. Tuseme ni pansema 12. Kama moja ni franka 3 000 (mfano tu, weka bei ya mahali pako) na moto kwenda na kurudi ni 2 000, hiyo ni 60 000 juu ya bei uliyoambiwa, na hakuna aliyekudanganya, hukuuliza tu. Sasa, pansema za mwanzo mbili tatu fanya kwa muganga ili aone kidonda na akufundishe, zingine nyumbani zinawezekana kabisa kama maji ni safi na mikono ni safi. Hapo njo unaokoa pesa, si kwa kutafuta anayekata kwa bei ya chini.

Anzia santre de sante ya mtaa wako. Wao wenyewe wakiona inawazidi wanakuandikia karatasi ya transferi kwenda hopitali kubwa, Panzi, Ciriri, au Jenerali, na karatasi hiyo usiiruke, juu mahali pengine anayejileta mwenyewe analipa zaidi ya aliyetumwa. Uliza kama wanafanya bei ya forfe, yaani malipo moja inayobeba konsiltasio, tendo na dawa. Kama uko kwenye mituweli (bima ya afya ya kuchangiana) uliza kabla ni asilimia ngapi inabaki juu yako na kama operasio ndogo na pansema vimo ndani, wapo wanaolipia operasio tu. Omba devi, yaani makadirio ya bei yote, iandikwe. Sio matusi kuomba devi, mtu anayeijua kazi yake anaiandika dakika mbili. Na ukilipa kwa dola zichague usiku, noti yenye kapasuko hata kadogo watakurudishia na utaanza kutafuta kambisti ukiwa na kidole kinachouma.

Siku yenyewe

Kula vizuri asubuhi, hii si operasio ya kulazwa tumbo tupu. Osha mguu na sabuni, toa verni kwenye vidole vyote. Vaa suruali pana, beba kambambili kubwa ya kupita pansema, njoo na mtu. Motari mwambie mapema kwamba mukirudi mguu hauwezi kukanyaga pale pa kuegemeza. Kama nyumba yenu iko juu kabisa na njia ni ngazi za udongo, na mvua hizi, lala siku moja mbili kwa shangazi au ndugu mwenye nyumba karibu na barabara. Nasema kweli, kupanda kule siku ile ile njo kunaleta damu nyingi kuliko kisu.

Dokta atasafisha kidole, alafu sindano za ganzi mbili, upande huu na upande ule pale kidole kinapoanzia. Hapo njo panauma, sindano inachoma na dawa inapoingia inawaka, sekunde kadhaa. Baada ya hapo dakika 5 mpaka 10 za kungoja. Atakufinya. Ukisikia uchungu wa kuchomwa sema "bado, dokta", usijikaze kiume, ganzi inaongezwa. Utasikia kuvutwa na kusukumwa, hiyo ni kawaida, lakini maumivu hapana.

Wengi wanafunga mpira kwenye kidole ili damu isisumbue, mara nyingi wanakata kidole cha glavu, wanakitoboa nchani, wanakivalisha na kukikunja kurudi chini mpaka kinakuwa kama pete. Kijanja na rahisi, lakini ile pete ni ndogo na inaweza kusahaulika chini ya pansema, na kidole kilichofungwa hivyo kikalala usiku kinaweza kufa. Kwa hiyo kabla hawajafunika, uliza bila aibu: "Mpira mumeutoa?" Na uangalie kidole kinarudi rangi.

Kazi yote ni dakika 20 mpaka 30. Kama wanatumia fenoli utasikia harufu kali ya dawa ya hopitali, wanasugua na kijiti cha pamba, dakika chache, basi.

Pansema na kupona

Ganzi inaisha baada ya masaa machache, usingoje iishe ndipo utafute dawa. Meza parasetamoli kabla: mtu mzima vidonge viwili vya 500 mg, baada ya masaa 6 tena kama inahitajika, visizidi vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni 400 inasaidia pia, na chakula, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, au mjamzito. Aspirini iache, inaongeza kutoka kwa damu. Antibiotiki si lazima kwa kila mtu, kama dokta hakuandika usijinunulie vidonge vinne vya kuhesabiwa kwenye farmasi.

Siku ya kwanza na ya pili mguu uwe juu, juu kuliko moyo, siyo kwenye kiti kidogo mbele ya sofa. Lala, weka mito miwili chini ya mguu. Kinachodunda kinatulia hapo hapo. Damu ikipenya pansema kidogo ni kawaida, ikiendelea, bonyeza na kitambaa safi dakika 15 bila kuchungulia chungulia.

Sasa kufungua pansema ya kwanza, hii watu wanaiogopa na wako na haki. Kompresi imeshikana na nyama iliyo wazi na ukiivuta kavu utaona nyota mchana. Usivute. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka vuguvugu, weka chumvi kijiko kidogo kwenye kama nusu lita, tumbukiza kidole na kompresi yake ndani, ongea na watu, sikiliza redio, baada ya dakika 10 au 15 yenyewe inaanza kuelea. Ikikataa pembeni ongeza dakika. Utakachoona chini ni kitu chekundu, kinang'aa, chenye maji maji, na kama ni fenoli kuna utando wa njano njano. Hicho si usaha. Usaha ni mzito, unanuka, na unakuja na maumivu yanayopanda.

Kausha kwa kupiga piga na kompresi safi, paka vaselini ya kopo jipya ambalo hakuna mkono mwingine umeingia, au weka tuligra (kompresi yenye mafuta) kama muko nayo, hii njo inazuia kushikana kesho. Juu yake kompresi kavu, alafu sparadra (plasta) isiyozunguka kidole chote kwa kukaza, juu kidole kinavimba na sparadra haivimbi.

Vitu vya kutoweka: alkoli (utaruka mpaka Nguba), maji ya oksijene kila siku, majivu, dawa ya meno, na ule unga wa kapsule ya antibiotiki ambao kila mama mtaani anakushauri kufungua na kumwagia. Ule unga unakauka unakuwa gamba, chini ya gamba uchafu unabaki, na wapo ambao mwili unaukataa wanavimba mguu mzima. Mama akisisitiza mwambie asante mama, dokta amekataza, yaishe kwa amani.

Kutembea: kazi ya kukaa ofisini au darasani unaweza kurudi baada ya siku 2 au 3 na kiatu wazi. Mwenye kusimama sokoni siku nzima au kubeba mizigo ahesabu wiki moja mpaka mbili. Mpira ungoje kidonda kifunge na usisikie kitu ukibonyeza, mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6. Matope ya mvua yakikukuta njiani valisha mguu sashe ya plastiki, lakini ukifika nyumbani itoe, mguu unaotoka jasho ndani ya plastiki haukauki. Ziwani hapana mpaka pakauke kabisa. Sigara inachelewesha kupona, hilo nalitaja tu.

Upande mmoja uliotolewa bila fenoli unakauka wiki 2 mpaka 4, na fenoli hesabu 4 mpaka 6. Kucha yote ikitoka, kitanda chake kinachukua wiki 6 na zaidi kuwa kigumu. Maumivu yanapaswa kushuka kila siku. Yakianza kupanda baada ya siku ya 3, wekundu ukasambaa kutoka kidole kwenda mguuni, homa ikaja, usaha, kidole kikawa cheusi au baridi, au ganzi haijaisha kesho yake asubuhi, rudi siku hiyo hiyo. Mwenye sukari arudi hata kwa kadogo.

Kucha inaporudi

Kucha ya mguu inatembea pole sana, milimita moja na kitu kwa mwezi, kwa hiyo kucha nzima ya kidole kikubwa inachukua miezi 12 mpaka 18. Inaweza kuja nene kidogo au na mawimbi, si ugonjwa. Ikianza kufika mbele, kila jioni baada ya kuoga sukuma nyama ya mbele chini na kidole gumba ili kucha ipite juu. Kata moja kwa moja bila kuzungusha kona, bakisha kaukingo keupe. Kiatu cha kushukia mlima kiwe na nafasi mbele ya kidole na kamba zifungwe vizuri juu ya mguu, ili mguu usiteleze kwenda mbele, kambambili ziwe za nyumbani tu.

Na ile fishi waliyoandika operasio, hakikisha imeandikwa upande gani wa kucha na kama mzizi ulichomwa na nini. Ukisikia kona inaanza kuchoma tena, nenda nayo mapema ukiwa bado unaweza kuvaa kiatu, muganga atakayekuona anaweza kuwa mwingine na bila hiyo karatasi ataanzia mwanzo, na wewe utalipa mwanzo.